Sulisuli kwa flai: kosa ni la mgeni au la mashua?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni baharia katika mashua ya uvuvi wa burudani hapa Watamu. Sulisuli tumemvua kwa kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya mashua inayokwenda, miaka mingi, na kazi hiyo naijua. Kaskazi iliyopita tulipata wageni waliokuja na rodi za flai, kile chambo chepesi cha manyoya. Samaki walikuwa wakipanda vizuri nyuma ya mashua, lakini wengi waliikataa flai au waliidokoa wakaiachia, na wale wachache walionasa walikata mshipi. Wageni walisema kosa ni letu, nahodha akasema wageni hawajui kurusha. Nani mwenye kosa, na tubadilishe nini kabla ya msimu ujao?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa jinsi ulivyoyaeleza mambo, nyote mna sehemu yenu ya kosa, ila sehemu hizo hazilingani. Samaki aliyeikataa flai au kuidokoa na kuiachia, huyo kwa kawaida hupotezwa na mashua, yaani na mkono wa baharia na sikio la nahodha, hata kabla mgeni hajainua rodi yake. Samaki aliyenasa kisha akakata hupotezwa na mgeni, ingawa nahodha mwenye uzoefu anaweza kumwokoa mgeni asiyejua. Kwa kuwa wale wa kwanza ndio waliokuwa wengi, mzigo mkubwa zaidi uko upande wenu, na hilo si jambo la kuwavunja moyo, kwa sababu mgeni huja kwa siku chache na kuondoka, ilhali ninyi mna msimu mzima wa kujirekebisha.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, fikiria kwanza kile ambacho mashua huwafanyia mnaporambaza. Mwendo wake ndio unaokipa chambo uhai, ndio unaoutunza mshipi ukiwa umenyooka, na mara nyingi ndio unaoizamisha ndoana katika kinywa cha samaki kabla mtu yeyote hajaigusa rodi. Katika uvuvi wa flai mambo yote hayo matatu huondolewa kwa wakati mmoja. Flai ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana, nayo haina uzito wa kujirusha yenyewe. Kinachoipeleka ni uzito wa mshipi mnene unaopita hewani mbele yake, na kwa flai kubwa ya sulisuli, kwenye upepo na juu ya chombo kinachoyumba, hata mrushaji hodari hapaswi kuombwa zaidi ya mita kumi na tano. Zaidi ya hapo, kanuni za shirika la kimataifa la uvuvi wa burudani, IGFA, zinakataza kuikokota flai nyuma ya chombo, na zinataka gia ya injini iwe imetolewa kabisa wakati flai inapopelekwa kwa samaki na wakati inapovutwa kurudi. Kwa hiyo samaki aliyezoea kuwafuata mita thelathini nyuma hana budi aletwe hadi karibu na tezi, yaani nyuma ya mashua, akiwa na hasira ya kutosha asijali mashua wala watu, kisha chombo kisimame na chakula alichokuwa akikifukuza kitoweke, abaki na flai peke yake mbele ya macho. Kazi ya kumfikisha hapo ni ya mashua.

Hata mwanzo wa uvuvi huu unaeleza jambo hilo hilo. Anayetambuliwa kuwa ndiye aliyeuweka utaratibu huu ni daktari mmoja wa Florida, Webster Robinson, aliyempata sulisuli wake wa flai katika ghuba ya Piñas nchini Panama mwaka 1962. Wanaoisimulia habari hiyo humtaja yeye na rodi yake, lakini mkewe Helen ndiye aliyekuwa akivuta chambo kisicho na ndoana na kumsogeza samaki hadi penye shabaha ya mumewe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, Stu Apte alimpata huko huko Panama sulisuli wa pauni 136, sawa na kilo 61 na ushei, samaki mkubwa kuliko wengi tunaowaona Malindi na Watamu. Utaratibu ulikuwa ni ule ule wa mtu wa chambo, mtu wa usukani na mtu wa rodi, na yule wa rodi ndiye mwenye kazi fupi kuliko wote.

Sasa tuingie katika kazi yako. Vyambo visivyo na ndoana, ambavyo nyote huviita tiza, visizidi vitatu au vinne. Mabaharia waliolelewa katika kurambaza huona bahari tupu nyuma ya tezi kuwa ni uvivu, wakajaza mishipi. Lakini kila tiza ya ziada ni kitu ambacho lazima mtu akitoe majini samaki anapopanda, na ni kitu ambacho samaki anaweza kukikimbilia badala ya kile unachotaka akifuate. Angalau tiza mbili ziwe na nyama: chukua utepe wa tumbo la sehewa au la fulusi, ukate mwembamba kuelekea mkiani, kisha uushone nyuma ya kichwa laini cha plastiki kwa uzi imara, au tumia chuchunge aliyeshonwa mdomo. Nasisitiza kushona kwa sababu tiza itaumwa mara nyingi, na samaki akifanikiwa kung'oa kipande akakimeza amekwisha kupata alichokuja kukitafuta. Plastiki tupu humvuta kwa macho, lakini akiionja mara moja akakuta haina ladha huwa mzito kurudi, ilhali aliyeonja damu na mafuta hurudi akiwa mkali zaidi.

Mashua iende noti (maili za baharini kwa saa) sita au saba hivi, mwendo ambao tiza hupiga uso wa maji bila kuruka ovyo. Samaki akipanda, yule aliyemwona aseme upande gani na tiza ipi, na papo hapo baharia wa pili atoe tiza nyingine zote. Anayebaki na rodi ya tiza, na hapa natumaini ni wewe, asivute kwa haraka. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi katika mashua zetu: katika kurambaza kuchelewa ni kumpoteza samaki, basi mkono umezoea kukimbia, na sulisuli huletwa mita kumi nyuma ya tezi akiwa bado anajiuliza. Mwache aikamate tiza kwa nafasi ya pumzi moja, mwondolee kinywani, mwache aitafute, mpe tena karibu kidogo, kisha mnyime. Kila anaponyimwa anasogea, na kila anaposogea hasira yake inapanda.

Utajuaje kwamba yuko tayari? Mtazame rangi. Sulisuli anayefuata kwa udadisi tu huonekana wa kahawia, kivuli kirefu chini ya maji, mara yuko mara hayupo. Aliyeamua kula huwaka: mgongo hugeuka buluu ya kung'aa, mistari ya ubavuni hujitokeza, tanga la mgongoni husimama na kukata maji, naye huacha kufuata kwa mstari mmoja akaanza kupiga tiza kwa sululu yake, ule mdomo mrefu wenye ncha, kulia na kushoto. Mpaka hapo usimruhusu nahodha atoe gia. Samaki wa kahawia aliyeletwa mbele ya flai bora duniani ataitazama, atazama, na mgeni atakulaumu kwa haki kabisa.

Akiwa amewaka na yuko mita kumi au kumi na mbili kutoka tezi, mambo matatu hufuatana, na mpangilio wake ndio unaoamua kila kitu. Kwanza nahodha anatoa gia na kulisema kwa sauti. Mashua bado inateleza kwa nguvu iliyobaki, na povu la rafadha linaanza kutulia. Pili mgeni anarusha. Tatu, flai ikiwa hewani au ndiyo kwanza inagusa maji, baharia anaing'oa tiza kutoka majini moja kwa moja, irukie ndani ya chombo, isiburutwe tena juu ya maji. Tiza ikitoka mapema, samaki hubaki na bahari tupu kwa sekunde mbili tatu, muda unaomtosha kuzama. Ikichelewa, ataifuata hiyo tiza anayoijua, aipite flai bila kuitazama. Nadhani wengi wa samaki wenu waliokataa walipotelea katika mojawapo ya nafasi hizo mbili. Na lile la gia lisichukuliwe kuwa ni kanuni ya vitabuni tu. Mashua inayoendelea kusukuma huunyoosha mshipi mnene kabla mgeni hajauvuta hata mara moja, flai hukimbia juu ya maji kuelekea penye povu, na samaki hukosa nafasi ya kuigeukia.

Amri ziwe za mtu mmoja, na awe nahodha, kwa kuwa yuko juu na anaona chini ya maji kuliko mtu yeyote. Mgeni afundishwe maneno hayo gatini, kabla hamjang'oa nanga, kwa lugha anayoielewa. Nimeona watu wazima watatu wakipiga kelele kwa lugha tatu huku samaki akiondoka zake.

Kuhusu nafasi ya kusimama: mrushaji wa mkono wa kulia, akiitazama tezi, asimame katika pembe ambayo mkono wake wa kulia uko nje ya chombo, yaani upande wa kushoto wa mashua kwa mtu anayetazama omo, yaani mbele. Hapo mrusho wake wa nyuma hupita juu ya maji, hauna vichwa vya watu wala zile fito ndefu za ubavuni za kugonga. Tiza yenye samaki mimi hupendelea ije upande wa pili, wa kulia, ili flai itue kushoto ya samaki na imlazimu kugeuka. Neno hilo la kugeuka lina uzito mkubwa. Flai isitupwe mbele ya pua yake. Itue ubavuni, mita moja au mbili kando, nyuma kidogo ya jicho, ili samaki anapoisikia aizungukie na kuichukua akielekea pembeni au akiondoka. Sulisuli akija moja kwa moja kwa mgeni na kufumba kinywa juu ya flai, kuvuta kokote kunaitoa kinywani kwa njia ile ile iliyoingilia. Kilichoko juu ni sululu, na taya zake ni mifupa migumu ambayo ndoana huikwaruza tu. Akigeuka, mshipi hupita kando ya uso wake na ndoana huteleza hadi kwenye pembe ya kinywa, mahali penye nyama ya kushika. Wale samaki wenu walioidokoa flai na kuiachia, chanzo chao naona ni flai iliyotupwa vizuri sana mbele ya macho yao.

Kama samaki hakuichukua, kazi yako haijaisha. Mgeni aivute flai kwa mivuto mirefu mara mbili tatu, yenye kishindo ikiwa ina kichwa cha sponji. Akiona samaki anapoa, asirushe tena na tena akimfukuza. Nahodha atie gia, tiza irudi majini, muanze upya. Sulisuli mmoja anaweza kupandishwa hivyo zaidi ya mara moja, ila tu baharia awe hakuilaza rodi ya tiza sakafuni kwenda kutazama tamasha. Na kwa kuwa samaki hawa mara nyingi hutembea wawili au zaidi, wa pili anaweza kuwa chini ya yule wa kwanza wakati wote huo.

Sasa ni zamu ya mgeni. Kosa lake la kwanza huwa kuinua rodi. Aliyevua samaki wa mtoni au aliyezoea rodi nzito za kurambaza huinua kwa silika, na rodi ya flai, kwa kuwa ni laini, hupinda yote bila kupeleka nguvu kwenye ndoana. Rodi ielekee kwa samaki, ncha ikiwa chini karibu na maji, na mkono wa kushoto ndio uvute mshipi, mrefu na kwa nguvu, baada ya samaki kufumba kinywa na kugeuka. Kisha avute tena. Baada ya hapo aache kumtazama samaki anayeruka, kazi ngumu kweli kweli, na autazame mshipi uliolegea miguuni mwake mpaka wote uwe umepita na kuingia katika rili. Wewe hapo una kazi ndogo yenye thamani kubwa: usisimame juu ya mshipi huo, ondoa ndoo, viatu na kila kitu chenye ncha, na mwambie mgeni avue saa na miwani inayoning'inia.

Nafika kwenye kukata, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hudhani mshipi hukatika kwa kuwa samaki amevuta kupita kiasi, wakati mara nyingi samaki hakuvuta zaidi ya alivyokuwa akivuta mwanzo. Katika mnyororo wa flai pana kipande kimoja dhaifu kwa makusudi. IGFA inaruhusu nguvu yake isizidi kilo 10, daraja linaloitwa la pauni 20, na inataka kiwe na urefu usiopungua sentimita 38.10, kati yake na flai huwekwa kipande kinene cha kinga dhidi ya sululu na mdomo unaokwaruza, ambacho pamoja na mafundo yake hakiruhusiwi kuzidi sentimita 30.48. Mgeni huikaza breki ya rili gatini, rili ikiwa imejaa, akaona inashika vizuri. Samaki anakimbia, mshipi unatoka, na mviringo wa mshipi uliobaki katika rili unapungua. Breki haijaguswa, lakini kwa kuwa mshipi sasa unavuta karibu zaidi na mhimili, nguvu inayohitajika kuuzungusha inaongezeka: kipenyo kikipungua hadi nusu, nguvu hiyo huwa mara mbili. Ongeza juu ya hapo ukinzani wa maji kwenye mshipi mnene wa mita ishirini au thelathini, pamoja na mita mia mbili za mshipi wa akiba nyuma yake. Samaki anapobadili mwelekeo, mshipi wote huo hauendi naye papo hapo. Hubaki ukiwa na tumbo kubwa majini, ukiburutwa kwa ubavu, na mzigo wa tumbo hilo unaangukia kipande kile dhaifu. Hapo mtu anayekaza breki ili kumzuia samaki anayeondoka anaumalizia mshipi kwa mkono wake.

Kwa hiyo breki ianze ikiwa nyepesi kuliko mgeni anavyotamani, kilo moja na nusu au mbili hivi kwa kipande cha kilo 10, na samaki akiwa mbali ilegezwe, isikazwe. Nahodha naye afuate mshipi, asifuate samaki. Ukimwona sulisuli akiruka kushoto ilhali mshipi unaingia majini kulia, kishawishi ni kuelekea anakoruka. Kufanya hivyo huliongeza tumbo. Geuza chombo kuelekea pale mshipi unapoingilia majini, mgeni akusanye, na tumbo lipungue kadiri mnavyosogea. Katika mashua zetu za kurambaza nahodha huzoea kurudi kinyumenyume kwa kasi. Kwa flai mimi naona ni salama zaidi kumweka samaki ubavuni na kwenda naye mbele, mshipi ukiwa mbali na rafadha.

Anaporuka, mgeni aisukume rodi mbele kuelekea kwake, mshipi ulegee kwa kitambo kile. Samaki wa kilo thelathini akiwa majini hubebwa na maji. Akiwa hewani, akitikisa kichwa, uzito wake wote unaweza kuangukia mshipi uliokaza, au mwili wake ukaukata kwa kuuangukia. Akitulia, asipandishwe kwa rodi iliyosimama wima. Rodi ya flai huvuta kwa sehemu yake ya chini iliyo nene, na kwa upande, kushoto na kulia, kinyume na kichwa cha samaki kinakoelekea. Iliyosimama wima karibu na mashua huvunjika, na sauti ya kuvunjika kwake ni ghali.

Niseme pia kwa kupita kwamba ile kasi ya kilomita 110 kwa saa inayotajwa kila mahali kuhusu sulisuli isikutishe unapompangia mgeni vifaa. Vipimo vya wanasayansi vya miaka ya karibuni vimeonyesha kwamba mwendo wake halisi hauzidi nusu ya huo. Hata hivyo unatosha kutoa mita mia za mshipi kabla mtu hajakaa sawa, ndiyo maana mshipi wa akiba uwe mita 400 au zaidi.

Vifaa vyenyewe havina siri nyingi. Rodi ya daraja la 12 hadi 14 inatosha, na wageni wengi wenye nia huja nayo. Mshipi mnene ule mfupi wenye kichwa kizito, unaozama polepole, hurushwa kwa urahisi kuliko ule mrefu unaoelea. Flai iwe ndefu, kati ya sentimita 15 na 25, ya waridi na nyeupe au buluu na nyeupe, na mimi hupenda yenye kichwa cha sponji kinachopiga maji, kwa sababu kishindo chake humsaidia samaki aliyepoteza tiza kuitambua flai. Ndoana zinaweza kuwa mbili, moja nyuma ya nyingine, mradi macho yake yasiachane zaidi ya sentimita 15.24 na ya nyuma isitokeze nje ya manyoya. Za ncha tatu haziruhusiwi. Zinolewe kila siku, hata kama ni mpya. Mengine mgeni ayafanye mwenyewe, ila wewe omba kuona mafundo yake kabla ya kuondoka, maana fundo baya mtalilipa nyote.

Kuhusu majira na mahali, ninyi mnajua kuliko mimi ninayewaandikia, lakini kwa flai uchaguzi unabadilika kidogo. Kina kikubwa cha kwenye kingo za kaskazini, ambako wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hukutana na ule unaopanda kutoka kusini, ni mahali pa heshima kwa jodari na nduaro, lakini ni mbali, na bahari yake huvuruga mrusho wa mtu anayejifunza. Mahali pazuri zaidi kwa flai, kwa maoni yangu, ni mbele ya Malindi, pale maji ya tope ya mto Sabaki yanapokutana na maji ya buluu. Samaki wadogo hujikusanya kwenye mpaka huo wa rangi, na sulisuli huwazungukia, mara nyingine katika maji ya kina kidogo kwa kiasi cha kushangaza. Tembeeni kando ya mstari, upande wa maji safi, ili nahodha amwone samaki mapema. Kusi likivuma kwa nguvu msilazimishe. Siku ambayo mgeni hawezi kusimama bila kushika kitu, hakuna flai.

Msingoje sulisuli ndio mjifunze. Fulusi ni mwalimu mzuri: hupanda kwa hasira, hukaa karibu na mashua, na hasamehe sana lakini hurudi. Mkiona gogo au jani la mnazi linaelea, toeni gia, mgeni arushe, na wewe ufanye zoezi la kuingiza na kuing'oa tiza kwa wakati. Kolekole wa kwenye miamba nao ni wakali kwa flai, ingawa humpeleka mtu moja kwa moja kwenye matumbawe. Na mkiwa huko mkumbuke mipaka ya hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, zilizowekwa mwaka 1968, ambamo uvuvi hauruhusiwi hata wa kumwachilia samaki.

Samaki akifika ubavuni, mshike sululu kwa glavu, umweke majini, usimpandishe kwa ajili ya picha. Sulisuli hupumua kwa kwenda: maji hupita katika mashavu yake kwa sababu anasogea, na akisimama kwa muda mrefu baada ya kuchoka anakosa hewa. Nahodha atie gia ya mbele polepole kabisa, wewe umshikilie kichwa kikielekea mbele, hadi rangi irudi na mkia uanze kusukuma wenyewe. Kama mashua yenu inashiriki kuweka alama za African Billfish Foundation, taasisi inayofuatilia samaki wenye sululu, alama iwekwe mapema, samaki akiwa ametulia, na kadi ijazwe siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo moja la kulizungumza na mgeni kabla ya kutoka, nalo litapunguza ugomvi wa msimu uliopita. Mwulize kama anatafuta rekodi. Akisema ndiyo, basi kipande chake dhaifu, kipande cha kinga, gia na mengine yote yafuate kanuni za IGFA kwa sentimita, na ajue kwamba asiwepo mwingine wa kuigusa rodi wala mshipi wake tangu samaki anaponasa. Akisema hapana, na wengi watasema hapana, mshaurini aweke kipande kizito zaidi, cha kilo 13 au 15. Rodi itaendelea kuwa ndiyo inayoweka mpaka wa nguvu anazoweza kuvuta, mshipi hautakatika kwa tumbo dogo la maji, pambano litakuwa fupi, na samaki ataachiliwa angali na nguvu. Kanuni ya gia ninyi iendelezeni hata kwa huyo asiyetaka rekodi, kwa sababu ile nyingine niliyokwisha kuieleza: flai iliyoburutwa na mashua haimpi sulisuli nafasi ya kugeuka.